Aisifuye Mvua Imemnyea

Wahenga wetu walinena, aisifuye mvua imemnyea. Methali hii ni fupi, lakini ndani yake mna sheria nzima ya ushahidi. Haisemi kuwa mvua ni njema, wala haisemi kuwa mvua ni mbaya. Husema kuwa mtu asiyelowa hana haki ya kuisimulia. Nimeishi na methali hii tangu utoto wangu bila ya kuifikiri sana, kama mtu aishivyo na kizingiti cha mlango wake, mpaka jioni moja nilipojikwaa juu yake. Habari ya jioni hiyo, na habari ya siku ya zamani iliyoizaa, ndizo nitakazozieleza hapa.

Kwetu ni Bariadi, makao makuu ya mkoa wa Simiyu. Mkoa huu ni mchanga kwa umri, maana ulizaliwa mwaka 2012, wilaya za Bariadi, Maswa na Meatu zilipotengwa na Shinyanga, na nchi ya Busega ilipotolewa Mwanza. Lakini nchi yenyewe ni ya kale. Ni nchi ya pamba na mtama, ya mahindi na ng'ombe, yenye mbuga pana za udongo mweusi. Udongo huo wakati wa kiangazi hupasuka nyufa za kumeza mguu wa ndama, na wakati wa mvua hugeuka ulimbo ukamnyang'anya mpita njia kiatu chake. Katika nchi ya namna hiyo mvua si mazungumzo ya kupitisha wakati. Zamani za watemi, mtemi ndiye aliyedaiwa mvua na watu wake. Ilipokosa kunyesha lawama ilikuwa yake, na heshima ya kiti chake ilipungua pamoja na maji ya visima. Utemi uliondolewa na serikali mwaka 1963, lakini mvua haikuondoka katika mashauri ya watu. Hata majina yetu yanaishuhudia. Mtoto wa kiume aliyezaliwa wakati wa mvua huitwa Mabula, na wa kike huitwa Kabula. Aliyezaliwa wakati wa njaa huweza kuitwa Nyanzala. Mgeni akisikia mama akiwaita watoto wake waje kula, amesomewa kitabu cha hali ya hewa cha miaka ishirini.

Jua likitua na ng'ombe wakiisha kuingia zizini, wanaume wa kaya huwasha moto uwanjani, na mahali hapo huitwa shikome. Hapo vijana hufunzwa adabu, ugomvi mdogo huamuliwa, na mambo ya kale husimuliwa. Hapo pia, hasa katika miezi ambayo mawingu hupanda mchana na kutawanyika usiku, hufanyika mashindano yasiyo na tangazo wala zawadi. Huanza kwa neno dogo. Mzee mmoja hutazama umeme wa mbali akasema, "Hii si kitu. Mngaliiona ile!" Basi kila mtu huvuta kigoda chake karibu, kwa sababu hapana mzee asiye na "ile" yake.

Mashindano haya yana kanuni tatu, nami sijapata kuziona zimeandikwa popote. Kanuni ya kwanza ni ile ya methali: msimulizi awe alikuwapo. Kanuni ya pili ni ya kipimo. Mvua ya maji hupimwa kwa mito na visima, na mvua ya mawe hupimwa kwa ngazi ijulikanayo na wote: punje ya mahindi, yai la njiwa, yai la kanga, yai la kuku, na mwisho ngumi. Asemaye punje ya mahindi haulizwi neno. Asemaye ngumi hutakiwa kuonyesha kovu. Kanuni ya tatu ndiyo nzito kuliko zote: msimulizi hana budi kueleza mvua yake ilichukua nini, au iliacha nini. Mvua isiyochukua kitu wala kuacha kitu haihesabiwi.

Msomaji asidhani kuwa kanuni ya kwanza ni ya wazee wa mashamba tu. Tarehe 11 Mei 1848 mmisionari mmoja wa Kijerumani, Johannes Rebmann, aliuona mlima Kilimanjaro na weupe ulio juu yake, akaandika kuwa ni theluji. Mabingwa wa jiografia huko London walimbishia miaka mingi. Mmoja wao, Desborough Cooley, ambaye hakupata kuikanyaga nchi hii, alikuwa na hoja nyingi za kuthibitisha kuwa theluji haiwezi kukaa karibu na ikweta. Hoja zilikuwa za Cooley na macho yalikuwa ya Rebmann, na mlima ukabaki mweupe. Wazee wa shikome yetu wangaliimaliza kesi ile kwa swali moja: "Ulikuwapo?"

Katika shikome yetu mzee wa kwanza kwa umri ni fundi wa kusuka vihenge, na mvua yake ni ya mwaka 1961. Watu waliziita mvua za uhuru, kwa sababu zilifuatana na uhuru wa Tanganyika wa tarehe 9 Desemba mwaka huo. Yeye husimulia kuwa aliuvuka mto Simiyu kwa kushika mkia wa fahali, na kuwa fahali alitoka ng'ambo lakini shuka yake ilikwenda ziwani. Vijana hucheka, lakini ziwa lenyewe ni shahidi wake: kati ya mwaka 1961 na 1964 maji ya ziwa Viktoria yalipanda zaidi ya mita 2, na kimo hicho hakikupitwa mpaka mwaka 2020. Mzee wa pili alikuwa karani wa ghala la pamba, na mvua yake ni ya El Nino ya mwaka 1997 na 1998, ambayo ilikata barabara na reli katika sehemu nyingi za nchi. Yeye hasimulii mto. Husimulia harufu ya pamba iliyooza katika magunia, na kusema kuwa tangu siku hizo hawezi kulala mvua ikipiga bati.

Kuna mvua moja ambayo haitajwi ili kushinda. Usiku wa tarehe 3 Machi 2015 mvua ya mawe na upepo mkali iliangukia kijiji cha Mwakata, wilaya ya Kahama, mkoa wa jirani wa Shinyanga. Kuta za udongo zilibomoka juu ya watu waliokuwa wamelala, na waliofariki walikuwa zaidi ya 40. Ndugu wa baadhi ya watu wa kwetu walikuwa huko. Habari hii ikitajwa katika shikome hutajwa kwa sauti ya chini, kisha mtu husukuma kuni motoni na mazungumzo hugeuzwa. Kwa hiyo nasema mashindano haya si majivuno matupu. Ni njia ya watu ya kuhesabu walichookoka, nao wanajua mahali pa kunyamaza.

Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, anaishi Minnesota, Marekani, katika nchi ambayo baridi hugandisha maziwa hata magari yakapita juu yake. Kila apigapo simu wazee humwuliza habari za theluji, naye huwaambia kuwa wenyeji wa huko wana shikome yao, ingawa haina moto wa kuni. Hukaa katika vyumba vyenye joto wakabishana juu ya tufani za theluji kama sisi tubishanavyo juu ya mawe. Huko nako mtu husema, "Hii si kitu, mngaliiona ile ya 1991." Theluji hiyo ilianza tarehe 31 Oktoba, siku ambayo watoto wa huko huvaa mavazi ya vinyago wakazunguka nyumba kwa nyumba kuomba peremende. Ilianguka siku baada ya siku. Katika mji wa Minneapolis ilifika kimo cha sentimita 72, na katika mji wa Duluth sentimita 94. Waliokuwa watoto siku ile sasa ni watu wa makamo, na mpwa wangu asema kuwa kila mmoja bado hueleza vazi gani alilazimishwa kulifunika kwa koti.

Iko nyingine ambayo hawaisimulii kwa kicheko. Tarehe 12 Januari 1888, katika nchi za Nebraska, Dakota na Minnesota, kulikucha na joto kuliko siku zilizotangulia, na watu wengi wakatoka bila ya mavazi mazito. Mchana tufani ya theluji ikashuka ghafula, mtu asiweze kuuona mkono wake mwenyewe. Inakadiriwa kuwa watu 235 walikufa, wakiwamo watoto wengi waliokuwa wakirudi nyumbani kutoka shule, na hata leo huitwa tufani ya watoto wa shule. Mpwa wangu alipoyasimulia hayo kwa simu, mzee wa vihenge alitoa kiko chake kinywani akauliza, "Na aliyepaswa kuwafuata watoto, alikuwa wapi?"

Hakuna aliyemjibu. Swali lile lilikuwa la Wamarekani waliokufa zamani, lakini lilinichoma mimi. Sasa yanipasa kueleza kwa nini.

Nilipokuwa darasa la sita, katika miaka ya 70, muda mfupi baada ya watu kuhamishiwa katika vijiji vya ujamaa, shule yetu ilikuwa na kipimamvua. Kilikuwa chombo cha shaba, mdomo wake una upana wa inchi tano, kimesimikwa uwanjani mbali na miti na mapaa. Ndani yake mlikuwa na chupa ya kukusanya maji. Kila siku saa tatu asubuhi maji yalimiminwa katika bilauri nyembamba yenye mistari, yakasomwa kwa milimita, na nambari ikaandikwa katika daftari. Kila mwisho wa mwezi nakala ya nambari hizo ilipelekwa kwa posta kwenye ofisi ya hali ya hewa. Mwalimu alinichagua mimi kuwa msomaji. Alinifundisha kuwa milimita moja ya mvua ni lita moja ya maji juu ya kila mita ya mraba ya nchi. Nilipolijua hilo nilitembea kijijini kama mtu aliyekabidhiwa funguo za mbingu.

Alinifundisha pia jinsi mawe ya mvua yanavyofanyika, jambo ambalo hata leo hunistaajabisha. Nchi yetu ni ya joto, na kwa sababu hiyo hiyo huzaa barafu. Jua la mchana hupasha ardhi moto. Hewa iliyojaa unyevu, nyingi yake ikitoka katika ziwa, hupanda kwa nguvu na kujenga wingu lenye kimo cha zaidi ya kilomita 10. Huko juu baridi ni kali kuliko ya kilele cha Kilimanjaro. Tone la maji hugandishwa, na hewa ipandayo hulizuia lisianguke; huzunguka humo winguni likijivika maji mengine, nayo huganda juu yake. Likiisha kuwa zito kuliko nguvu ya hewa iliyolibeba, huanguka. Ukilikata jiwe kubwa la mvua utaona duara ndani ya duara, kama kitunguu. Mwalimu alituambia tuangalie wingu lililo jeusi chini, jeupe kama pamba juu, na lenye rangi ya kijani tumboni kama maji ya bwawa. Wingu hilo si la kungojwa nje.

Basi katika siku za Februari, pamba ikiwa imefika magotini, wingu la namna hiyo lilipanda kutoka mashariki. Ilikuwa karibu saa nane mchana. Mdogo wangu, mtoto wa miaka saba ambaye alikuwa bado hajaandikwa shule, na ambaye jina lake ni moja la yale majina ya mvua, alikuwa mbugani na mbuzi wa baba tangu asubuhi. Saa nane ilikuwa zamu yangu ya kumpokea. Baba alikuwa amenipa amri iliyo wazi: nikiona wingu baya nisingoje saa, niende nikamtoe mtoto mbugani.

Niliona wingu, nikaona kijani. Nilijua, na hilo ndilo neno ambalo limenilemea. Wenzangu walikimbia makwao nami nikabaki shuleni, kwa sababu nambari kubwa kuliko zote katika daftari ilikuwa 71, iliyoandikwa na msomaji aliyenitangulia, na mimi nilitamani kuiona ikipitwa siku ya zamu yangu. Nilijiambia kuwa mtoto atakimbilia chini ya mti, na kuwa mbuzi wanaijua njia ya nyumbani. Mtu atakaye kufanya kosa hakosi wa kumsingizia akili, hata kama ni mbuzi.

Mawe ya kwanza yalikuwa punje za mahindi. Yaliyofuata yalikuwa mayai ya njiwa, kisha mayai ya kanga. Niliingia chini ya dawati darasani, nikaziba masikio, maana bati lililia kama lipigwalo na mafundi mia. Upepo ulipobisha, bati moja la paa liling'oka, likaruka uwanjani likizunguka, na kwa mlango ulio wazi nililiona likikipiga kipimamvua na kukiangusha. Mambo yote hayo hayakuzidi robo saa. Kisha kimya kikaingia, na baridi ambayo sikupata kuionja kabla ya siku ile.

Nilitoka nje. Nchi yote ilikuwa nyeupe. Sijaikanyaga theluji maisha yangu yote, lakini mpwa wangu akieleza weupe wa nchi ya Minnesota mimi huona uwanja ule wa shule, na pamba iliyobaki vijiti, na ndege waliolala chini wakiwa wamefumbua midomo. Nilikimbia pekupeku juu ya barafu mpaka mbugani. Mdogo wangu alikuwa chini ya mgunga, amejikunja, na mbuzi mmoja aliyekufa amelala juu ya mgongo wake. Labda mbuzi yule ndiye aliyemwokoa. Mbuzi kumi na mmoja walikufa siku ile. Mtoto alikuwa hai, lakini jiwe lilikuwa limempiga katika jicho la kushoto. Baba alimchukua kwa baiskeli katika matope, akisukuma zaidi ya kupanda, mpaka penye tiba. Roho ilirudi, jicho halikurudi.

Kesho yake saa tatu asubuhi nilikwenda shuleni, kwa kuwa msomaji hana siku ya kupumzika. Kipimamvua kilikuwa kimelala ubavu, na chupa ya ndani imepasuka. Hapakuwa na tone la kupima. Nilikisimamisha, nikatia ndani chupa nyingine, nikafungua daftari. Kwa mkono usiotetemeka niliandika 83.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Sehemu moja ya jibu ni hofu: kama ningaliandika kuwa kipimo kimevunjika, ningaliulizwa nilikiona wapi kikivunjika, na wakati huo nilipaswa kuwa mahali gani. Sehemu ya pili ni ngeni zaidi. Niliona haya kuwa mvua iliyolitoa jicho la ndugu yangu iandikwe kwa nafasi tupu, kama siku isiyo na kitu. Nilitaka iwe kubwa kuliko zote, ili kosa langu liwe dogo kuliko mvua. Mwalimu aliisoma nambari ile, akanisifu kwa kuwa sikuacha kazi hata siku ya msiba. Sifa ile ilikuwa chungu, nami niliimeza.

Miaka ilipita. Mimi nilisoma, nikawa mwalimu, nikastaafu na kurudi kwetu. Mdogo wangu alibaki, akawa mkulima wa pamba na mchungaji hodari, mwenye watoto na wajukuu. Katika shikome yeye si msemaji sana. Zamu yake ikifika husema tu, "Yangu ni ile ya mbuzi kumi na mmoja," kisha hunyamaza. Hakuna amwambiaye aonyeshe kovu.

Jioni niliyoahidi kuieleza, kijana mmoja mwalimu wa sekondari, mpole na msomi, alikuwa mgeni wetu. Aliwasikiliza wazee kwa heshima, kisha akatoa simu yake akasema, "Wazee wangu, niwieni radhi. Haya mnayoyasema ni matamu, lakini dunia ina nambari zake." Akatusomea. Alisema kuwa tarehe 23 Julai 2010, huko Vivian, South Dakota, lilianguka jiwe la mvua lenye upana wa sentimita 20. Alisema kuwa tarehe 14 Aprili 1986, huko Gopalganj, Bangladesh, yalianguka mawe yaliyokuwa na uzito wa zaidi ya kilo moja, na watu 92 wakafa. Alisema kuwa tarehe 30 Aprili 1888, karibu na Moradabad, India, watu 246 waliuawa na mvua ya mawe, na kuwa haijulikani mvua nyingine ya mawe iliyoua watu wengi kuliko hiyo. Wazee waliwasikitikia wafu, lakini hawakukubali kushindwa. Karani wa pamba aliuliza, "Wewe mwalimu, katika hizo ulikuwapo katika ipi?" Watu wakacheka.

Kijana hakukasirika. Alisema, "Mzee, sikuwapo katika hata moja. Lakini kumbukumbu ya mtu hukua kila mwaka kama mti, na nambari haikui. Nambari haina ndugu wala upendeleo." Akanigeukia mimi akasema, "Nasikia wewe, mzee wangu, ulikuwa msomaji wa kipimo utotoni. Tusaidie. Hii ya mbuzi kumi na mmoja ilikuwa milimita ngapi?"

Nambari ilikuwa tayari mdomoni mwangu. Nimeitaja mara nyingi mbele ya wanafunzi, tena kwa sauti ya mtu anayejua. Nilipoinua macho nilimwona mdogo wangu ameelekeza kwangu jicho lake moja, si kwa kunishtaki, bali kwa kungoja tu, kama mtu asiyepata kuusikia uzito wa mvua iliyompiga na sasa yu tayari kuambiwa. Ulimi wangu ukakataa.

Nikasema, "Daftari lasema 83. Lakini 83 ni uongo wangu. Kipimo kilipigwa na bati, chupa ikapasuka, sikupima kitu. Nami nilikuwa shuleni nikikitazama, saa ambayo zamu ya mbuzi ilikuwa yangu."

Moto ulilia peke yake kwa muda. Kijana alizima simu yake akaitia mfukoni. Mzee wa vihenge, ambaye aliwahi kuuliza juu ya watoto wa Marekani, hakuniuliza mimi. Mdogo wangu ndiye aliyesema kwanza.

"Kaka," akasema, "kama ungaliandika kweli siku ile, ungaliandika nini?"

Nikamjibu, "Ningaliandika: kipimo kimevunjika, mvua haikupimwa."

Akatikisa kichwa polepole, akatupa kijiti motoni. "Basi, wazee," akasema, "mashindano yamekwisha. Ya Uhuru ilipimwa kwa ziwa. Ya El Nino ilipimwa kwa magunia. Yangu ilivunja kipimo."

Wazee walicheka mpaka mbwa wakabweka, na mzee wa vihenge akakiri kuwa ameshindwa, jambo ambalo halikupata kuonekana katika shikome ile. Kwa habari ya zamu ya mbuzi ndugu yangu hakusema neno, wala jioni ile wala baadaye, nami sikuthubutu kumshukuru. Yamkini alijua siku zote. Yamkini katika miaka ile yote aliyosema maneno yake machache akanyamaza, alikuwa ameniachia nafasi niseme yangu.

Tangu hapo nimefikiri mengi juu ya kijana yule na nambari zake, na siwezi kusema kuwa alikosea. Majira ya nchi yetu yanabadilika. Barafu ya Kilimanjaro, ile aliyoiona Rebmann, imepungua kwa zaidi ya asilimia 80 tangu mwaka 1912. Mkulima wa Bariadi aulizaye apande pamba lini hujibiwa kwa hesabu za mvua za miaka mingi, na hesabu hizo ziliandikwa na watoto wa shule, na makarani, na watu wengine wasiojulikana, kila siku saa tatu asubuhi. Nani ajuaye kama mahali fulani wastani wa Februari haujabeba milimita zangu 83? Uongo wangu ni tone, lakini kipimo hukusanya matone. Nafasi tupu, ambayo niliiona kuwa aibu, ingalikuwa neno la kweli kuliko yote katika ukurasa ule.

Wala siwezi kusema kuwa wazee walikosea. Nambari ya kweli ingaliweza kueleza kiasi cha maji. Isingaliweza kueleza mbuzi aliyelala juu ya mtoto, wala baba asukumaye baiskeli katika matope. Hayo hutunzwa katika shikome, na mlinzi wake ni yule aulizaye, "Ulikuwapo?" Daftari na shikome zote mbili zataka kitu kimoja kwa shahidi: aseme alichokiona, na asipoona aseme kuwa hakuona. Mimi nilikuwapo, mvua ilininyea, na bado niliisifu kwa uongo. Methali ya wahenga haikunitosha mpaka ndugu yangu alipoimaliza.

Juzi wingu lilipanda tena kutoka mashariki, jeusi chini na jeupe juu. Mjukuu wa ndugu yangu alikuwa mbugani na ndama. Sikutazama saa. Nilitwaa fimbo yangu nikaenda kumwita, na tulikuwa tumefika barazani mawe ya kwanza yalipoanguka. Yalikuwa punje za mahindi tu. Mtoto alisikitika, akasema kuwa si kitu. Nilimwambia ashukuru, na kama ataulizwa siku moja, aseme hivyo hivyo: punje za mahindi, na hakuna kilichochukuliwa.